Mtoto wa Kiislamu Bukavu: tunayodhani na yaliyo kweli

Mwaka jana mwanangu wa darasa la sita alirudi kutoka shule, akatupa mfuko wa vitabu pembeni, bugali na sambaza hakugusa. "Papa, ni kweli sisi ndio tulikuwa tunauza watu?" Siku hiyo walikuwa wamesoma habari za Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa kutoka pwani, na wenzake walimwita Mwarabu mpaka saa ya kutoka.

Nilikaa kimya kidogo. Mengi tunayoambiana juu ya kulea watoto katika dini hayamfikii mtoto aliyeulizwa swali kama hilo.

Dhana: Uislamu ni dini ya wageni, mtoto akiambiwa hivyo, anyamaze.

Uislamu uliingia mashariki ya Kongo katika karne ya 19 na misafara ya biashara kutoka pwani, ukaota mizizi Nyangwe na Kasongo, huko Maniema. Misafara ileile ilileta lugha tunayopatanishia bei sokoni Kadutu. Wazee waliiita Kingwana, lugha ya Wangwana, watu wa misafara, ambao wengi wao walikuwa wazaliwa wa bara, si Waarabu. Sala, dini, imani, baraka, yote ni maneno yaliyotoka Kiarabu: padri anayehubiri kwa Kiswahili hamalizi dakika tano bila kuyatumia. Hata koleji ya Wajesuiti hapa mjini inaitwa Alfajiri. Mwanangu alicheka nilipomwambia kwamba ni jina la sala yake ya kwanza ya siku.

Ila upande wa pili nao usifichwe. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed, alifanya biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa, na vijiji viliteketea. Wapo wazazi wanaosema huo ni uongo wa Wabelgiji. Kweli, Wabelgiji walikuwa na faida yao: vita vyao vya 1892 hadi 1894 huko Maniema walivitangaza kuwa vya kukomesha utumwa, na huku dola la mfalme wao Leopold II likiwatesa wanavijiji kwa ajili ya utomvu wa mpira. Tena ni dola hilohilo lililompa Tippu Tip ugavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, mwaka 1887. Yote hayo mwambie mtoto. Lakini watumwa walikuwepo, na ukimficha hilo, siku atakapolijua atajiuliza ulimficha mangapi mengine.

Wangu nilimwambia: ndiyo, walikuwa Waislamu, na walidhulumu. Tukafungua sura ya 90, pale Mwenyezi Mungu anapotaja njia ngumu ya mlimani, na jambo la kwanza analolitaja ni kumwacha huru mtumwa. Akafikiri. "Basi walisoma bure?" Sikuwa na jibu lililoshinda swali lake.

Dhana: mtoto anayeuliza sana, imani yake imelegea.

Nabii Ibrahim alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyofufua wafu. Alipoulizwa kama haamini, alisema anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Akaonyeshwa kwa ndege wanne. Iko katika sura ya pili, aya ya 260. Sasa mtoto wa kwetu akiuliza kwa nini mvua inabomoa nyumba za maskini mlimani na kuziacha za matajiri, anapata kofi.

Dhana: ukishampeleka madrasa, umemaliza.

Mwenye kutimiza sala tano anasoma Al-Fatiha mara 17 kwa siku, bila kuhesabu za sunna. Ni aya saba tu. Mwulize mtoto wako maana yake usiku huu. Mimi nilimwuliza kijana wangu mkubwa, akajua nusu. Nikaanza kumsahihisha, nikakwama mwenyewe. Tangu hapo umeme ukikatika tunasoma tafsiri kwa Kiswahili, aya moja moja, kwa mwanga wa simu. Maalimu wa madrasa anafanya kazi kubwa, lakini mwisho wa juma tu.

Dhana: asiyesali achapwe, hadithi imesema.

Hadithi ya Abu Daud inasema waamrisheni watoto sala wakiwa na miaka saba, na muwachape wakifika kumi. Ajabu, kila mtu anakumbuka nusu ya mwisho. Kati ya saba na kumi kuna miaka mitatu, sala tano kila siku: zaidi ya mara elfu tano za kumwambia mtoto "twende tukasali" kabla fimbo haijatajwa. Na hiyo fimbo yenyewe, wanazuoni waliiwekea sharti la kutoumiza. Aliyezimaliza hizo elfu tano, akaenda naye kweli, sijakutana naye bado. Mtume mwenyewe alisalisha watu akiwa amembeba mjukuu wake Umama. Akisujudu anamweka chini, akisimama anambeba tena. Kwetu mtoto akilia safu ya nyuma, baba yake anaangaliwa kama mwizi.

Dhana: shule ya Wakatoliki itamgeuza.

Hapa nitasema kidogo. Shule za mapatano za Kiislamu, yaani za serikali zinazoendeshwa na jumuiya ya dini, zipo, ila si kila mtaa unazo. Katiba ya 2006, kifungu cha 45, inaruhusu shule za taifa, zikishirikiana na viongozi wa dini, kuwapa watoto mafundisho yanayolingana na imani yao iwapo wazazi wanaomba. Imesema "zinaweza", haikusema lazima. Kwa hiyo nenda, omba kwa adabu. Mimi nilimwona direkta, tukaelewana: mtoto atakaa kwenye somo la dini, atasikiliza, hatalazimishwa kufanya ishara ya msalaba.

Wiki iliyopita wamemwita Mwarabu tena. Akamwambia mwenzake: sawa, nitukane, ila usitumie neno hata moja lililotoka kwa Waarabu. Yule akaanza, akasita, akaanza tena, mwisho akaendelea kwa Kifaransa.