Umangimeza si urasimu tu

Wananchi hutuuliza mara kwa mara sisi wachunguzi lugha kama umangimeza na urasimu ni kitu kimoja. Maneno haya yanakaribiana, ila kuna tofauti inayofaa kulindwa.

Mangimeza ni neno ambatani: mangi na meza. Mangi ni cheo cha mtawala wa Wachaga huko Kilimanjaro. Anayetajwa sana ni Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani mwezi Machi 1900. Uchifu ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1963, lakini cheo kimebaki midomoni mwa watu, hata mwenye duka mtaani huitwa Mangi, awe Mchaga au asiwe. Mangimeza, basi, ni mtawala ambaye himaya yake ni meza. Amri hutoka hapo, shida zote zimfuate hapo, yeye haondoki.

Urasimu unahusu utaratibu: fomu, saini, jalada kupita kwa huyu na yule. Hakuna ofisi kubwa isiyo nao, na ukiwa wa kiasi hulinda mali ya umma. Umangimeza ni tabia ya mtu. Tuseme mstaafu amefika kwenye uhakiki. Afisa anashika kitambulisho, analinganisha picha na sura iliyo mbele yake, anaridhika. Kisha anasema: "Mzee, kalete kwanza barua ya mtendaji wa mtaa kuthibitisha kuwa uko hai." Huo ndio umangimeza, tena uliokomaa.

Afisa anayekataa kuidhinisha malipo yasiyo na stakabadhi si mangimeza, hata kama amekuudhi. Anayeamua mgogoro wa mpaka wa mashamba kwa kutazama ramani tu, bila kukanyaga shambani, anastahili jina hilo.

Kisarufi, mangimeza huyu yumo katika ngeli ya A-WA, na tunaweza kusema fulani anafanya kazi kimangimeza.

Kosa linalotukera zaidi, na limeshaingia hadi kwenye taarifa za habari, ni kuuita usumbufu wa ofisini ukiritimba. Ukiritimba ni hali ya mtu au kampuni moja kuhodhi biashara au huduma. Kampuni iliyo peke yake sokoni inaweza kukuhudumia ndani ya dakika mbili na bado ikawa na ukiritimba. Ofisi iliyokupiga danadana miezi mitatu huenda haina ukiritimba wowote.