Kumsaka Bigfoot: dhana zinazoharibu ushahidi, na ukweli wake

Katika misitu ya kaskazini mwa California, Oregon na Washington (Marekani) na British Columbia (Kanada), watafiti wa ridhaa wamekuwa wakimsaka Bigfoot kwa miongo mingi. Anasemekana kuwa mnyama mkubwa mwenye manyoya, anayetembea kwa miguu miwili. Mpaka leo hakuna mzoga, fuvu wala jino lililothibitishwa. Aliyeamua kuingia msituni ana haki ya kufanya kazi yake vizuri, na ushahidi mwingi huharibika mikononi mwa aliyeuokota kwa sababu ya dhana hizi.

Dhana: Unyayo mkubwa wenye mistari ya ngozi unatosha kuthibitisha.

Jina la Bigfoot lilienea mwaka 1958, dereva wa tingatinga Jerry Crew alipotoa chapa ya plasta ya nyayo alizozikuta Bluff Creek, California, na gazeti la Humboldt Times likachapisha habari yake. Ray Wallace, mkandarasi wa barabara ambako Crew alikuwa akifanya kazi, alipofariki mwaka 2002, familia yake ilitoa hadharani nyayo za mbao na kusema ndizo zilizotumika.

Hata pasipo udanganyifu, dubu mweusi anatosha kukuchanganya. Mguu wake wa nyuma hukanyaga juu ya alama ya mguu wa mbele, na alama mbili zikiungana huonekana kama unyayo mmoja mrefu wenye vidole vitano. Angalia kidole kikubwa: kwa binadamu kiko upande wa ndani, kwa dubu kiko upande wa nje. Tafuta pia vitobo vya makucha mbele ya vidole. Kwenye theluji usiamini ukubwa wowote, maana jua likipiga kingo huyeyuka na unyayo wa sungura huweza kutanuka ukawa kitu kingine kabisa.

Kabla ya kumwaga plasta, piga picha kamera ikiwa juu moja kwa moja, rula mbili zikiwa zimelala kando ya unyayo kwa urefu na kwa upana. Pima nyayo zote za msururu na umbali kati ya hatua, hata kama utatoa chapa ya unyayo mmoja tu. Nyayo zinazolingana kabisa, bila vidole kujikunja penye mteremko au tope, ni dalili ya kifaa kigumu. Unyayo wa sentimita 40 unahitaji kilo 2 hadi 3 za plasta ya Paris. Changanya vikombe viwili vya plasta kwa kimoja cha maji, ukinyunyiza plasta ndani ya maji. Ukimimina maji juu ya plasta utapata madonge. Koroga taratibu ili usiingize hewa, zungushia unyayo ukuta wa kadibodi, kisha mimina kutokea ukingoni. Baada ya saa moja chimbua kwa chini, usivute. Udongo ulioganda usiuguse kwa siku mbili, kwa sababu plasta bado ni laini na brashi itafuta kile ulichokifuata.

Sasa ile mistari. Vumbi laini na kavu hunyonya maji ya plasta haraka mno, na uso wake hujikunja mistari inayofanana na alama za vidole. Majaribio yameitoa mistari hiyo mahali ambapo hapakuwa na ngozi yoyote. Dawa yake ni rahisi na wengi huiruka: mimina plasta ileile kwenye ardhi tupu pembeni. Mistari ikitokea na huko, imetokana na plasta.

Dhana: Unywele ukifika maabara, jibu litakuwa Bigfoot au "haijulikani".

Peter Byrne, msakaji wa Bigfoot, aliwapelekea FBI (shirika la upelelezi la Marekani) nywele 15 zenye kipande cha ngozi mwaka 1976. Jibu lilikuwa jamii ya kulungu, na faili hilo likawekwa wazi mwaka 2019. Mwaka 2014 Bryan Sykes, mtaalamu wa vinasaba wa Chuo Kikuu cha Oxford, alichapisha uchunguzi wa vinasaba vya nywele zilizodaiwa kuwa za wanyama wa aina hii kutoka nchi mbalimbali. Sampuli 30 zilisomeka, na zote zilikuwa za wanyama wanaojulikana: dubu, ng'ombe, farasi, nungunungu na wengine. Mmoja alikuwa binadamu.

"Haijulikani", mara nyingi, maana yake ni sampuli iliyooza au iliyochafuka. Vaa glavu mpya kwa kila unywele, chukua kwa kibanio, na uhifadhi kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu na ukungu huota. Unywele wenye mzizi ndio wa thamani zaidi. Ambatanisha mate ya kila aliyekuwepo ili maabara imtoe kwenye hesabu.

Dhana: Masimulizi ya wenyeji ni hadithi tu.

Dhana hii inasikitisha kuliko zote. Kipunji, nyani wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, alifahamika kwa wanasayansi kwa sababu watafiti waliwasikiliza wawindaji wa Kinyakyusa kuzunguka Mlima Rungwe. Mwaka 2003 walimwona. Mwaka 2004 kundi jingine, lisilohusiana nao, likamwona Ndundulu, Udzungwa. Alitangazwa mwaka 2005 kwa picha. Lakini ni mzoga wa kipunji ambaye hajakomaa, ulionaswa kwenye mtego wa mkulima, uliowezesha vipimo vilivyompa jenasi (kundi la kisayansi la spishi) yake mwenyewe mwaka 2006. Simulizi ilielekeza pa kutafuta, na mwili ukamaliza ubishi.

Ukihoji, usianze kwa kuonesha picha. Uliza anakula nini, analiaje, kinyesi chake kikoje. Kama shahidi anataja kimo, mrudishe palepale saa ileile, na mtu asimame alipokuwa mnyama akiwa na ufito wenye alama kila sentimita 50.

Dhana: Kamera za mtego hazimpati kwa kuwa ni mwerevu.

Kamera hizi, zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, zilimpata sange wa Udzungwa mwaka 2005, mnyama wa gramu 700 hivi ambaye hakuna mwanasayansi aliyemjua. Picha zako zikiwa tupu, anza na kamera. Kihisi hutambua tofauti ya joto, kwa hiyo mchana wenye joto karibu na la mwili hukosa mnyama. Fyeka nyasi mbele yake, ielekeze kaskazini badala ya mawio, tumia betri za lithiamu penye baridi. Picha maarufu za Pennsylvania, Marekani, za mwaka 2007, zilizodaiwa kuwa za Bigfoot, zilimwonesha, kwa mujibu wa mamlaka ya wanyamapori ya jimbo, dubu mwenye ukurutu aliyepukutika manyoya.

Dhana: Ukirudi mikono mitupu, hakuna cha kuandika.

Kamera 10 kwa usiku 30 ni usiku 300 wa kamera, na takwimu hiyo ina maana hata bila Bigfoot, mradi umeandika mahali, tarehe na kila mnyama aliyepita. Mwaka 2018 Neil Gemmell, mtaalamu wa vinasaba wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, alichukua sampuli 250 za maji ya Loch Ness, ziwa la Scotland linalosemekana kuwa na mnyama mkubwa wa ajabu. Hakukuwa na vinasaba vya mtambaazi yeyote, ila vya mkunga vilikuwa tele, na hapo dhana ya mjusi mkubwa wa kale ilipungukiwa nguvu kwa kipimo ambacho mtu mwingine anaweza kukirudia.