Kabla hujaandika "mabadiliko ya tabianchi", andika jina la mtaro

Maandiko ya vijana ya kuomba fedha za miradi ya mazingira, ninayopewa kuyapitia hapa Dar, mengi huanza na barafu inayoyeyuka. Barafu! Mwandishi anakaa Kigogo, mvua ikipiga nusu saa anapandisha godoro juu ya kabati, lakini ukurasa wa kwanza wote ni dubu wa nchi za baridi na joto la dunia. Mtaro unaokuja kumwaga maji ndani kwao unatokea ukurasa wa nne. Nami kila mara nasema: wadogo zangu, anzieni huo wa nne.

Nianze na fedha zenyewe, maana zinachanganywa sana. Ile "asilimia kumi" ya halmashauri ni mkopo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, ila inarudishwa. Ilisimamishwa Aprili 2023, baada ya malalamiko ya muda mrefu kuhusu marejesho na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024, na Jiji la Dar es Salaam likawa kati ya halmashauri 10 za majaribio ya kukopesha kupitia benki. Kwa kikundi kinachotengeneza mkaa mbadala au kuuza mboji, mkopo huo unafaa kabisa. Lakini mtaro uliozibuliwa utamuuzia nani? Anayefaidika ni mtaa mzima, na mtaa mzima hautoi risiti.

Hapo ndipo ruzuku inapoingia. Mfano unaozungumzwa sana ni mfuko wa vijana na tabianchi wa Bloomberg Philanthropies, shirika la hisani la Marekani, ulioanza mwaka 2024 na miji 100 duniani. Kila mji ulipewa dola 50,000 za kuanzia, nao ukazigawa kwa miradi ya vijana wa miaka 15 hadi 24, dola 1,000 hadi 5,000 kwa mradi. Ukitazama kwa jicho la Kariakoo, hiyo ya chini ni kama milioni mbili na nusu za kwetu. Haijengi mtaro. Inanunua koleo, buti, glavu, toroli, wavu wa chuma wa kunasa taka mdomoni mwa kalavati, na nauli ya vijana kumi kwa miezi kadhaa. Andiko linaloahidi "kutokomeza mafuriko Kinondoni" kwa fedha hiyo naliweka pembeni, hata kama lugha yake ni tamu.

Umri nao una mtego. Kijana wa miaka 16 anaweza kuwa kichwa cha mradi, lakini mkataba hawezi kuufunga mwenyewe. Kwa hiyo klabu ya shule inahitaji mwalimu mlezi atakayeweka sahihi, au kikundi cha mtaani kilichosajiliwa kitakachopokea fedha kwa niaba yao. Liandikeni hilo mapema, tena na nani anaamua matumizi. Nimeona mlezi akageuka mwenye mradi na watoto wakabaki wapiga picha.

Sasa kalenda, ambayo kwangu ndiyo kiini cha mambo yote. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Fedha ikipita kwenye mkono wa halmashauri inapita pia kwenye bajeti, vikao na ununuzi, na siku hizi ununuzi wa umma unafanyika kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni. Ukichelewesha makaratasi mwezi mmoja, koleo zinafika mvua imeshachukua kilichokuwa cha kuzibuliwa. Mradi wa mtaro unatakiwa uwe na vifaa Septemba. Basi hesabu kurudi nyuma: barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa, muhtasari wa kikao wenye sahihi za wanachama wote, katiba ya kikundi, akaunti ya benki, halafu mtendaji wa kata, halafu afisa maendeleo ya jamii. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kigumu. Ugumu ni kwamba kila mmoja wao ana siku yake ya kuwa ofisini.

Na mikoko, jamani. Kila mtu anataka kupanda mikoko kwa sababu inapendeza kwenye picha. Mikoko inaota kwenye tope la maji ya chumvi, penye utulivu, hasa kwenye vijito na midomo ya mito. Kuna kikundi kilipanda mamia ya miche kwenye mchanga mweupe unaopigwa na mawimbi, na baada ya wiki chache vikabaki vijiti. Zaidi ya hapo, misitu ya mikoko ni hifadhi, na huwezi kuingia kupanda bila kuzungumza na Wakala wa Huduma za Misitu. Kwa milioni mbili na nusu, ni bora mlinde eneo ambalo mikoko inajiotea yenyewe na kuondoa plastiki zinazoinyonga miche michanga.

Kuhusu bajeti sitasema mengi. Fulana, bango na posho ya ufunguzi zikizidi gharama ya vifaa, mpitiaji ameshaelewa.

Jambo ninalopenda kulifundisha ni ushahidi, kwa kuwa vijana wanadhani lazima wawe na mtaalamu wa chuo. Tangu mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi kuchora kata zinazofurika, nyumba kwa nyumba na mtaro kwa mtaro, na ramani zile ziko wazi kwa yeyote. Chukueni kipande cha mtaa wenu, kichapisheni, tembeeni nacho. Kisha pakeni rangi alama za sentimita kwenye ukuta wa kalavati, na kila mvua ikikatika kijana mmoja apige picha yenye tarehe. Kopo moja la rangi linatosha. Baada ya misimu miwili mna kumbukumbu ambayo pengine hata halmashauri haina kwa mtaro huo, na bonde la Mto Msimbazi, unaopita jirani na Kigogo, lina historia: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waliohamishwa mabondeni wakapelekwa Mabwepande.

Wale wa Kigogo tulikaa nao Jumamosi nzima kwenye benchi la fundi viatu, tukalifumua andiko lao na kulishona upya. Sentensi ya kwanza sasa inasema: "Mtaro wetu una makalavati matatu, na la pili limeziba tangu vuli iliyopita." Chini yake kuna jina la atakayeusafisha kila Jumamosi ruzuku ikiisha, na jina la mjumbe atakayemkumbusha. Dubu tumemwacha aende zake.