Slaidi Huja Mwisho: Dhana Potofu Kuhusu Kuandaa Mafunzo Mafupi ya Wafanyakazi

Agizo huwa linafika hivi: "Fomu za maombi ya manunuzi zinarudishwa kila siku. Waandalie watu mafunzo, saa mbili zinatosha." Anayeagizwa hufungua kompyuta na kuanza slaidi ya kwanza: jina la mada, nembo, tarehe. Mambo huharibika hapo hapo, kabla mshiriki yeyote hajaketi. Nitautumia mfano huu wa fomu hadi mwisho, kwa kuwa ni mdogo na kila aliyewahi kufanya kazi ofisini anaufahamu.

Dhana: Wafanyakazi wakikosea, dawa ni mafunzo

Mafunzo hutibu ugonjwa mmoja tu, nao ni kutojua. Mtu akikosea fomu kwa sababu hajui msimbo wa bajeti unapatikana wapi, mfundishe. Lakini fomu hurudi kwa sababu nyingine nyingi. Huenda ina visanduku viwili vyenye majina yanayokaribiana. Huenda orodha ya misimbo ilibadilishwa na nakala mpya wakapewa wahasibu peke yao. Huenda anayejaza kwa makini na anayejaza ovyo wote husubiri wiki ile ile, kwa hiyo hakuna anayeona faida ya umakini.

Robert Mager na Peter Pipe, wataalamu wa mafunzo wa Marekani, walitoa mwaka 1970 kipimo kisicho na huruma cha kutenganisha mambo haya: je, mtu huyu angeweza kuifanya kazi hii kama uhai wake ungeitegemea? Ikiwa angeweza, ujuzi anao. Kinachokosekana ni kingine, na darasa halitakileta.

Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, omba rundo la fomu zilizorudishwa, hata 20 au 30, uzipange kwa aina ya kosa. Kisha keti na watu wawili watatu uwaangalie wakijaza. Kuwahoji hakutoshi, maana mtu husahau kutaja anachokifanya kwa mazoea. Mara nyingi utakuta makosa mengi yamerundikana kwenye sehemu moja au mbili za fomu. Wakati mwingine utakuta fomu yenyewe ndiyo ya kurekebishwa, na mafunzo hayahitajiki kabisa. Kwenda kumwambia bosi hivyo ni kugumu kuliko kuandaa slaidi 40, nakiri.

Dhana: Kuandaa mafunzo ni kukusanya maudhui na kuyapanga

Usanifu wa mafunzo huanzia upande wa pili, yaani kazini, siku ambayo mafunzo yamekwisha. Mshiriki amerudi mezani kwake. Anafanya nini ambacho wiki iliyopita hakukifanya? Jibu lake ndilo lengo. Ukishalipata, unatunga zoezi litakaloonyesha kama amelifikia. Ukishalitunga zoezi, unajua ni maelezo gani anayahitaji ili aliweze. Slaidi, zikihitajika, huja baada ya hayo yote.

Tatizo ni kwamba malengo mengi yameandikwa kwa maneno yasiyoshikika. "Washiriki waelewe taratibu za manunuzi": nani amewahi kuuona uelewa? Linganisha na hili: "Akipewa makadirio ya bei kutoka kwa muuzaji na orodha ya misimbo, mshiriki ajaze fomu ndani ya dakika 10 bila kosa kwenye sehemu ya bajeti." Hapo kuna mazingira, kuna tendo, na kuna kiwango, mambo matatu ambayo Mager huyo huyo aliyaeleza tangu mwaka 1962. Lengo la namna hii linakukatia kazi. Historia ya idara ya manunuzi haimsaidii mtu kujaza fomu, basi itoke.

Wengine huchukua ngazi za kufikiri za Benjamin Bloom, zilizotolewa mwaka 1956, wakazisoma kama ngazi za vyeo: kukumbuka ni kwa watoto, kutathmini ni kwa wasomi. Matokeo yake, kozi ya kujaza fomu inaandikiwa lengo la "kuchambua kwa kina". Kama kazi inamtaka mtu atumie utaratibu, lengo liishie kwenye kutumia. Hakuna aibu hapo.

Na ile ADDIE inayotajwa kila mahali? Ni herufi za mwanzo za majina ya Kiingereza ya hatua tano: kuchambua, kusanifu, kuandaa, kutekeleza na kutathmini. Mzizi wake ni kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1975. Watu huifuata kama reli, kituo hadi kituo, tathmini ikiwa kituo cha mwisho. Anayeitumia vizuri hurudi nyuma mara kwa mara: zoezi likiwashinda watu watatu wa majaribio, unarudi kwenye usanifu siku hiyo hiyo, bila kusubiri mafunzo yaishe.

Dhana: Kozi fupi ni kozi ndefu iliyoharakishwa

Hili nimelifanya mwenyewe. Nilipewa siku mbili, zikapunguzwa zikawa saa mbili, nikabaki na mada zangu zote na kuongeza kasi ya kusema. Washiriki waliandika, wakaandika, kisha wakaacha kuandika.

Akili ina mlango mwembamba. Mwanasaikolojia George Miller, mwaka 1956, alizungumzia vitu 7, ukiongeza au kupunguza 2, ambavyo mtu anaweza kuvishika kwa mara moja. Nelson Cowan, mwaka 2001, alitoa hoja kwamba kikomo kinakaribia 4. John Sweller alijenga juu ya wazo la mlango huo mwembamba nadharia yake ya mzigo wa akili tangu miaka ya 1980: uwezo wote ukiliwa na kuhangaika na wingi wa taarifa, hakuna unaobaki wa kujifunzia. Mkufunzi hauoni mzigo huu kwa sababu kwake hatua sita zimekwisha kuungana zikawa tendo moja. Mgeni bado anazihesabu.

Kwa saa mbili, weka lengo moja, pengine mawili. Kisichohitaji kukaa kichwani kiweke kwenye karatasi moja itakayobandikwa karibu na meza: orodha ya misimbo, mpangilio wa saini, mfano wa fomu iliyojazwa sawasawa. Karatasi hiyo inaweza kufanya kazi kubwa kuliko hotuba yako yote.

Na usisome slaidi kwa sauti. Majaribio ya Richard Mayer na wenzake yalionyesha kwamba sauti na picha pamoja hufundisha vizuri kuliko sauti, picha na maandishi yale yale kwa mpigo.

Dhana: Tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma, 20 ya tunachosikia…

Umeiona piramidi hii. Hubandikwa jina la Edgar Dale, ambaye kweli alichora koni ya uzoefu (mpangilio wa njia za kujifunza, kuanzia vitendo hadi maneno) mwaka 1946, ila koni yake haikuwa na asilimia hata moja. Namba zilipachikwa baadaye na watu wengine. Ukikuta takwimu za binadamu zimepangika kwa makumi kamili namna hiyo, shuku.

Dhana: Kila mshiriki afundishwe kwa mtindo wake

Wapo wa kuona, wapo wa kusikia, wapo wa kushika, basi tuandae matoleo matatu. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwepo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumlinganisha mtu na mtindo wake kunaongeza kujifunza. Watu wana wanachokipenda, hilo halina ubishi. Lakini namna ya kufundisha huamuliwa na kinachofundishwa. Fomu hufundishwa kwa fomu.

Tofauti inayostahili jasho lako ni nyingine: mgeni na mzoefu. Mgeni husaidika sana akionyeshwa mfano uliokamilika, hatua kwa hatua, kabla ya kuachiwa wa kwake. Mzoefu, mfano ule ule humchosha na hata kumpunguzia ufanisi. Mpe tatizo moja kwa moja. Kama wako chumba kimoja, wazoefu waanze na fomu iliyokosewa waitafute kasoro, huku wageni wakipitia mfano pamoja nawe.

Dhana: Maelezo kwanza, mazoezi muda ukibaki

Haubaki. Kila mkufunzi anajua haubaki, na bado ratiba huandikwa hivyo.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini fupi wasome. Baadhi waliisoma tena, wengine walitakiwa kuiandika kwa kukumbuka bila kuiangalia. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja meza iligeuka: walioikumbuka vizuri ni wale waliojipima. Ona mtego ulipo. Ukimpima mshiriki mlangoni anapotoka, somo la maelezo matupu linaweza kuonekana zuri, na hasara yake ikajitokeza wakati wewe hupo.

Kwa hiyo saa zetu mbili ningezigawa hivi. Dakika 10 za kwanza, wape fomu halisi iliyorudishwa, jina limefutwa, wakisie kwa nini ilirudi. Dakika 20, onyesha ujazaji wa sehemu ile sumbufu ukieleza unavyofikiri, pamoja na karatasi ya msaada. Kisha zaidi ya saa nzima ni ya kujaza: fomu ya kwanza wawili wawili, ya pili peke yako, ya tatu yenye hali ngumu kidogo, kwa mfano ununuzi unaogawanywa kwenye misimbo miwili. Kila fomu ikifuatwa na mrejesho papo hapo, tena wa kueleza. "Umekosea" hakumfundishi mtu kitu. "Msimbo huu ni wa vifaa, hii ni huduma" kunamfundisha. Muda unaobaki ni wa maswali.

Halafu kuna kusahau, ambako Hermann Ebbinghaus alikupima kwa kujitumia mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: kumbukumbu huporomoka haraka mwanzoni, kisha polepole. Saa mbili za mkupuo mmoja haziwezi kushindana na hilo. Chota dakika 20 kutoka humo, uzigawe: zoezi moja fupi kwa barua pepe baada ya siku chache, jingine baada ya wiki tatu.

Dhana: Washiriki wamefurahi, basi yamefaulu

Donald Kirkpatrick alitenganisha mwaka 1959 mambo manne ambayo hadi leo huchanganywa: washiriki wameyapokeaje mafunzo, wamejifunza nini, wanafanya nini tofauti kazini, na kazi imepata matokeo gani. Dodoso la tabasamu mwishoni hugusa la kwanza tu. Nimewahi kupewa alama za juu kabisa kwa mafunzo ambayo hayakubadili chochote. Waliupenda utani wangu.

La pili unalijua kutokana na ile fomu ya tatu. La tatu na la nne, nenda kwa wahasibu mwezi mmoja baadaye uombe tena rundo la zilizorudishwa. Zipange kama ulivyozipanga mwanzo. Kama makosa ya msimbo yamepungua ila sasa nyingi zinarudi kwa kukosa saini ya pili, mwulize kwanza mwenye saini hiyo huwa anapatikana siku ngapi kwa wiki.