Je, Wajua Kwa Nini Mhandisi wa Kompyuta Alihamia Shule ya Mameneja?

Mwaka 1956 Jay Forrester, mmoja wa wahandisi waliokuwa mstari wa mbele katika kuunda kompyuta nchini Marekani, aliacha maabara yake katika chuo kikuu cha teknolojia cha MIT akaenda kufundisha katika shule ya usimamizi wa viwanda ya chuo hichohicho. Hakuwa amesomea biashara. Alikulia kwenye ranchi ya ng'ombe huko Nebraska, ambako akiwa mwanafunzi wa sekondari aliunda mtambo wa upepo kwa vipuri vya magari makuukuu na kuipatia ranchi yao umeme kwa mara ya kwanza. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alishughulika na mitambo inayojirekebisha yenyewe, ile inayozungusha rada au mzinga hadi uelekee panapotakiwa, na baadaye akaongoza ujenzi wa kompyuta ya Whirlwind. Mtu wa namna hiyo alifuata nini kwa mameneja?

Sehemu ya jibu imo katika shule yenyewe. MIT ilianza kufundisha uendeshaji wa viwanda mwaka 1914, kama somo la wahandisi, na mwaka 1952 ikafungua shule kamili kwa fedha za wakfu wa Alfred P. Sloan, aliyehitimu uhandisi wa umeme hapo mwaka 1895 kabla ya kuiongoza kampuni ya magari ya General Motors kwa miaka mingi. Sloan aliamini kwamba shule ya usimamizi ikiwekwa katikati ya wahandisi itakua tofauti na ile iliyozungukwa na wanasheria na wanafasihi. Imani hiyo ni rahisi kuitamka, na vyuo vingi huitamka. Kazi ni kupata swali ambalo kila upande unalihitaji. Forrester mwenyewe alidhani mwanzoni kwamba angewafundisha mameneja matumizi ya kompyuta, akakuta watengenezaji wa kompyuta wameshaanza kazi hiyo.

Swali lililomfaa lilitoka kwa watu wa kampuni ya General Electric. Viwanda vyao vya vyombo vya umeme vya nyumbani huko Kentucky vilikuwa na tabia ya kuchosha: kuna kipindi wafanyakazi walipokezana zamu tatu au nne kwa siku, na miaka michache baadaye nusu yao walipunguzwa kazini. Ilikuwa desturi kuulaumu uchumi wa nchi, lakini maelezo hayo hayakuwaridhisha. Forrester aliwauliza jinsi wanavyoamua kuajiri na kuagiza mali, kisha akachukua ukurasa wa daftari, akachora safu za akiba ya ghalani, wafanyakazi na oda, akapiga hesabu kwa kalamu wiki baada ya wiki. Hata alipochukulia kwamba oda za wateja hazibadiliki, idadi ya wafanyakazi iliendelea kupanda na kushuka. Msukosuko ulizaliwa na kanuni za kampuni yenyewe. Kwa mhandisi aliyezoea mizinga inayojirekebisha, hilo halikuwa geni: taarifa ikichelewa kurudi, mtambo hupitiliza shabaha, hurudi, na hupitiliza tena upande wa pili.

Jambo hilo hufundishwa hadi leo kwa mchezo wa mezani uliobuniwa na kundi lake, unaoitwa mchezo wa bia. Watu wanne huketi kwa safu: muuza rejareja, muuzaji wa jumla, msambazaji na mwenye kiwanda. Hawaruhusiwi kuzungumza, isipokuwa kupitishiana karatasi za oda. Kila mmoja huanza na kreti 12, na hutozwa nusu dola kwa wiki kwa kila kreti iliyolala ghalani na dola 1 kwa kila kreti anayodaiwa na mteja. Oda huchukua muda kufika, na mzigo huchukua wiki mbili nyingine njiani. Kwa wiki kadhaa wateja hununua kreti 4, kisha hupanda hadi 8 na kubaki hapohapo mpaka mchezo uishe.

Badiliko ni hilo moja tu. Muuza rejareja, ambaye bado anapokea kreti 4 kwa wiki, hukaukiwa ghala baada ya wiki tatu. Anaagiza 12, mzigo haufiki, anaagiza 20, nao haufiki. Ndivyo wenye maduka wanavyofanya kukiwa na uvumi kwamba sukari itaadimika. Muuzaji wa jumla huiona oda hiyo kama mahitaji halisi, naye huongeza ya kwake juu, na ikifika kiwandani imekuwa mlima. Hatimaye mizigo yote hufika kwa mpigo, maghala hufurika, na oda hushuka hadi sifuri.

Mwaka 1989 John Sterman, profesa wa shule hiyohiyo, alichapisha uchambuzi wa matokeo ya mchezo huu, akaonyesha kwamba gharama za wachezaji kwa wastani zilifikia takribani mara kumi ya zile za chini kabisa ambazo zingewezekana. Chanzo kikubwa alikiona katika akili ya mwamuzi: watu huihesabu mali iliyo ghalani na kuisahau ile waliyokwisha kuiagiza ambayo bado iko njiani. Hapa uhandisi peke yake usingetosha, kwa kuwa milinganyo huonyesha mfumo utakavyoyumba, lakini jinsi mtu mwenye hofu anavyoamua ni suala la saikolojia. Mchezo ukiisha, wachezaji huombwa kuchora mahitaji ya wateja yalivyokuwa, na wengi huchora wimbi kubwa, wakiwa na hakika kwamba mteja ndiye aliyewavuruga.

Sioni kwamba kila safari ya namna hii, ya kuvusha mbinu kutoka fani moja hadi nyingine, hufanikiwa. Mwaka 1971 Forrester alitumia mbinu ileile kuueleza ulimwengu mzima, yaani watu, chakula, viwanda na uchafuzi, na mwaka 1973 mchumi William Nordhaus akamkosoa vikali kwamba amepima bila takwimu. Naona Nordhaus alikuwa na hoja nzito: kwa General Electric, Forrester alianza kwa kuwauliza wenye kiwanda jinsi wanavyoamua, ilhali katika kazi ile ya pili maarifa ambayo wachumi walikuwa wamekwisha kuyakusanya yalitumika kwa uchache.

Huenda ndiyo sababu programu iliyoanzishwa na MIT mwaka 1988 kwa ajili ya viongozi wa viwanda iliwekewa masharti. Mwanafunzi husomea shahada mbili za uzamili kwa pamoja, moja ya usimamizi na nyingine ya uhandisi, hukaa takribani miezi sita ndani ya kampuni akishughulikia tatizo halisi, na tasnifu yake husimamiwa na walimu wawili, mmoja kutoka kila shule.