Moshi Baridi Hauhifadhi Nyama: Neno kwa Wanaotengeneza Mapipa Nyumbani

Kila ifikapo Juni, baridi ya Dodoma inapoanza kuuma usiku, watu huanza kuniuliza namna ya kutengeneza pipa la moshi baridi, yaani la kufukizia chakula bila kukipika, na swali la mwisho huwa lilelile: nyama ikishatoka humo, itakaa muda gani nje ya friji? Mimi kazi yangu ni usindikaji wa nyama, na nimelijibu swali hili kwa upole mara nyingi kiasi kwamba upole umeniishia. Itakaa muda uleule ambao ingekaa bila moshi, na pengine mfupi zaidi, kwa sababu moshi baridi ni kiungo kama vilivyo pilipili manga na tangawizi, na hakuna anayenyunyizia nyama pilipili manga kisha akaiacha kabatini wiki mbili.

Hoja ninayorudishiwa kila mara ni ya mababu. Naambiwa kwamba bibi zetu walitundika nyama juu ya mafiga ikakaa miezi, na kwamba samaki wa moshi kutoka bwawa la Mtera hufika sokoni wakiwa wazima. Sibishi, ila hakuna hata moja kati ya hayo linalohusiana na pipa lako. Nyama ya juu ya mafiga ilikatwa vipande vyembamba, ikapata joto la moto wa kupikia siku baada ya siku pamoja na hewa kavu ya nchi hii, mpaka maji yakaisha; bakteria walinyimwa maji, na moshi ulikuwa msindikizaji tu. Samaki hao nao hubanikwa: moto uko chini yao, nyama inaiva kwanza, kisha inakauka. Moshi baridi ni kazi nyingine kabisa, kwa kuwa chakula hufukizwa chini ya nyuzi joto 30 kwa saa nyingi, na kinatoka kikiwa kibichi kama kilivyoingia.

Bakteria wanaotusumbua hustawi kati ya nyuzi 5 na 60. Kwa hiyo kipande cha kitimoto kisichotiwa chumvi, kikikaa usiku kucha katika pipa lenye nyuzi 25, giza na unyevunyevu, kimewekwa katika mashine ya kutotoleshea vifaranga, isipokuwa wanaototolewa humo hawana manyoya.

Nikiri kwamba imani hii ina chembe ya ukweli ndani yake, na labda ndiyo sababu haifi. Moshi una fenoli, asidi na formaldehaidi, ambazo huchelewesha mafuta kuchacha na huzuia ukungu usishike haraka. Lakini kemikali hizo hukaa juu juu, katika milimita chache za mwanzo. Mwaka 1820 daktari Justinus Kerner wa Württemberg, Ujerumani, alichapisha uchunguzi wake kuhusu watu waliokuwa wakifa katika eneo lake kwa kula soseji, na soseji hizo zilikuwa zimefukizwa moshi. Sumu aliyokuwa akiifuatilia ndiyo tunayoijua leo kuwa hutolewa na bakteria Clostridium botulinum, ambaye hustawi pasipo na hewa, yaani katikati ya soseji nene au ndani ya mfuko uliofyonzwa hewa, na ambaye baadhi ya aina zake hazitoi harufu yoyote ya kuoza. Kunusa, basi, hakutakuokoa.

Kinachofanya kazi ni chumvi pamoja na kupungua kwa maji, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Watu hupima chumvi kwa kiganja, au wakijitahidi sana hupima kwa uzito wa nyama, ilhali bakteria hajali uzito wa nyama. Anajali maji anamoishi yana chumvi kiasi gani. Chukua kilo 1 ya nyama isiyo na mafuta, ambayo ina maji takriban gramu 750, uitie gramu 30 za chumvi. Gawanya 30 kwa 780, ambayo ni jumla ya maji na chumvi, nawe utapata asilimia 3.8. Sasa itundike mpaka ipoteze gramu 300 za maji. Chumvi ni ileile gramu 30, lakini maji yamebaki 450, na sehemu ya chumvi imepanda hadi asilimia 6.25 bila wewe kuongeza hata punje moja. Huo ndio ulinzi, na moshi haumo katika hesabu hiyo. Kwa kulinganisha, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani huwataka wasindikaji wa samaki wa moshi wanaofungwa bila hewa wafikishe angalau asilimia 3.5 kwa hesabu ya namna hii, na bado huwataka wawatunze kwenye baridi. Anayetaka nyama yake ikae kabatini kwa sababu imenukia moshi anadai zaidi ya wanavyothubutu wenye viwanda.

Chumvi yenyewe inahitaji muda wa kufika katikati. Kipande chenye unene wa sentimita 5 mimi hukiacha frijini wiki nzima kabla hakijaona moshi. Kuhusu chumvi ya nitriti, yaani chumvi ya kusindikia nyama iliyochanganywa na kemikali ya nitriti, nitasema jambo moja tu: mchanganyiko wa Marekani huwa na asilimia 6.25 ya nitriti na ule wa Ulaya huwa chini ya asilimia 1, hivyo anayenakili kipimo cha mtandaoni bila kujua ameshika upi anacheza na sumu.

Baada ya hayo, ujenzi ni mwepesi kuliko watu wanavyotaka uwe. Tafuta pipa la lita 200 lililobeba mafuta ya kula, wala si kemikali, lichome moto ndani mpaka rangi iishe, mwambie fundi wa kuchomelea akutobolee tundu chini na jingine juu, kisha aweke vyuma vya kushikilia nyavu. Tundu la juu lisizibwe kamwe, kwa maana moshi uliotuama hugeuka lami, na lami hudondokea chakula. Moshi mzito mweupe unaowafurahisha majirani ndio unaoleta uchungu. Unaotakiwa ni mwembamba, karibu usionekane. Chini ya pipa weka trei ya wavu yenye njia ya kujipindapinda kama nyoka, ijaze maranda makavu, washa ncha moja kwa mshumaa, nayo itafuka polepole hadi alfajiri ikitoa joto dogo sana. Wapo wanaonitumia picha za bomba la mita 3 walilolichimbia ardhini kwa gharama kubwa ili moshi upoe, halafu upande wa pili wamewasha mkaa. Mkaa umekwisha kupoteza karibu kila kitu kinachofanya moshi uwe na ladha. Unachokupa ni joto na kaboni monoksaidi, na kwa sababu ya hiyo ya pili pipa hili likae uani, mbali na madirisha.

Jua la Dodoma ni tatizo kubwa kuliko moto. Pipa la chuma likiachwa juani hupita nyuzi 40 bila kuwashwa chochote, kwa hiyo kazi hii ni ya usiku, kuanzia Juni hadi Agosti, na chakula kitoke kabla jua halijapanda. Oktoba na Novemba usijaribu.

Kuhusu maranda, usiokote ya kila seremala. Mengi ni ya paini, yenye utomvu, na mengine ni ya mbao zilizotiwa dawa ya shaba, kromu na arseniki, ambayo hayafai kuchomwa popote palipo na chakula. Mpera unafaa. Sisi tuna bahati ya mizabibu, kwa kuwa mashamba ya Hombolo na Makutupora huvuna mara mbili kwa mwaka na matawi yaliyopogolewa hubaki mengi, lakini kumbuka kwamba mizabibu hupuliziwa salfa na dawa nyingine za ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Mimi huchukua matawi manene, huyamenya gamba na kuyakausha vizuri kabla ya kuyasaga. Vitabu huipanga miti kwa ladha kana kwamba ni divai. Sina hakika kwamba ningefungwa macho ningeutambua moshi wa mpera na ule wa mzabibu, na ninawashuku wanaodai wanaweza.

Shaka yangu nyingine ni juu ya agizo la vitabu la kuikausha nyama mpaka inate kabla ya kuifukiza. Moshi hushika vizuri penye unyevu, na kwa upepo wetu wa Agosti nyama iliyoachwa wazi muda mrefu hufanya ganda gumu linalofungia maji ndani, yaani kinyume cha tulichokusudia. Siku hizi naifuta tu kwa kitambaa safi na kuiingiza.

Anayeanza asianze na nyama, wala na samaki wa maji baridi, ambaye akiliwa mbichi huweza kubeba minyoo. Aanze na chumvi ya mawe, karanga, vitunguu saumu au jibini gumu, kwa saa chache tu. Jibini likitoka pipani lifungwe kwa karatasi na likae frijini wiki moja au mbili kabla ya kuliwa. Ukilionja asubuhi ileile utakutana na ladha ya majivu, utanilaumu mimi, na utakuwa umelionea jibini.