Mpokeaji si mdakaji

Nimesikia tena Jerry Rice, mpokeaji wa zamani wa futiboli ya Kimarekani, akiitwa "mdakaji bora wa wakati wote", na safari hii nimeshindwa kunyamaza. Katika mchezo huo, mpokeaji ni mchezaji anayekimbia kwenda mbele ili mrushaji wa timu yake amrushie mpira. Maana ni hiyo tu. Kinachoniudhi ni neno "mdakaji".

Kudaka ni kukamata kitu kilicho hewani, hata kama hukurushiwa wewe. Golikipa hudaka shuti la mpinzani. Katika shina hilohilo yumo mdakizi, mtu wa kudandia maneno ya wenzake. Kupokea kunataka awepo mtoaji, na mtoaji amjue anayempa. Ndiyo maana tuna mbio za kupokezana vijiti, tuna mapokezi ya mgeni, tuna mapokeo ya wazee.

Sasa tazama uwanjani. Mpokeaji na mrushaji wamekwisha kukubaliana njia: hatua kadhaa mbele, kisha kata kulia. Mara nyingi mpira huondoka mkononi mwa mrushaji kabla mpokeaji hajageuka. Unarushwa mahali atakapokuwa, si mahali alipo. Beki wa upande wa pili akiunyakua njiani, huyo ndiye mdakaji, maana kaingilia kisichokuwa chake.

Rice alizaliwa Mississippi mwaka 1962, mtoto wa fundi mwashi. Alimsaidia baba yake kazini, ndugu zake wakimrushia matofali naye akiyashika. Waliowahi kuwa saidia fundi wanalijua neno linalotangulia tofali: "Pokea!" Hakuna anayesema "Daka!" kisha akarusha bila kutazama, labda awe na nia mbaya.

Kutoka hapo alipita chuo kidogo, Mississippi Valley State, na mwaka 1985 akachukuliwa na timu ya San Francisco 49ers. Joe Montana, na baadaye Steve Young, walimrushia mpira, naye akatwaa ubingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi kuu ya mchezo huo, mara tatu. Alicheza misimu 20, akapokea mara 1,549, kwa jumla ya yadi 22,895. Anayemfuata, Larry Fitzgerald, ana 17,492.

Yadi hizo nazo husomwa vibaya. Si umbali aliokimbia Rice peke yake. Huhesabiwa kuanzia mstari ambapo shambulio hilo lilianzia hadi pale mpokeaji alipoangushwa, alipotoka nje au alipovuka mstari wa mwisho. Kwa hiyo ndani yake umo mkono wa mrushaji na imo miguu ya mpokeaji, na rekodi huwaandikia wote wawili yadi zilezile. Neno "mdakaji" linamfuta mmoja wao.

Mpira ukiwa hewani, sema anadaka ukipenda; mikono yake kweli inadaka. Lakini ukitaja kazi yake, tafadhali mwite mpokeaji.